Katibu mpya wa mbunge, anza na daftari la ahadi

Kabla hujaomba kompyuta wala kiti cha ofisi, nunua daftari gumu ulitenge kwa ahadi tu. Barua unayojibu, mkutano unaoupanga na kauli unayoiandaa, vyote huzaa ahadi, na mwananchi aliyeahidiwa hasahau.

Kila barua igongwe muhuri wa tarehe siku ileile, ipewe namba, iingie kwenye rejista: mwandishi, kijiji na kata, simu, anachoomba, ilikopelekwa, ilijibiwa lini. Kikaratasi anachopewa Mheshimiwa kupitia dirisha la gari nacho ni barua. Kichukue, andika nyuma yake jina na simu ya mwenyewe kabla gari halijaondoka, maana vingi havina hata jina.

Maombi mengi ni ada, matibabu, misiba na bati. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kujibu kwamba ombi "litashughulikiwa kupitia Mfuko wa Jimbo". Mfuko huo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa miradi ya jamii na huamuliwa na kamati; haulipi ada ya mtoto mmoja. Kama jibu ni hapana, mwandikie mzazi hapana mapema, shule hazijafunguliwa, apate muda wa kuhangaika kwingine. Kumwacha akisubiri ni kumdhulumu.

Kwenye ratiba, tangulia kujaza yasiyosogea: mikutano ya Bunge Dodoma, hasa ule wa bajeti wa Aprili hadi Juni, vikao vya kamati na baraza la madiwani. Muda wa barabarani nao uandike kama shughuli kamili, masika uongeze. Saa iandike kwa namna mbili: "saa 4 asubuhi (10:00)". Ukijaza 4:00 kwenye kalenda ya simu, italia saa 10 alfajiri, na saa 4 yenyewe ikifika wazee wamekaa chini ya mwembe wanamsubiri mgeni ambaye hajaondoka nyumbani.

Kauli za fedha ndizo za kuogopwa zaidi. Kutengwa, kutolewa na kupokelewa ni mambo matatu tofauti. Fedha iliyotengwa imo kwenye kitabu cha bajeti tu. Mheshimiwa akisema "fedha za zahanati zimekuja", kesho yake wananchi watamwuliza mtendaji wa kijiji ziko wapi. Usiandike "zimepokelewa" mpaka mweka hazina wa halmashauri akuthibitishie kwa maandishi kiasi na tarehe. Rambirambi nazo zisitoke kabla hujazungumza na mwanafamilia na kuhakiki majina yote ya marehemu.

Mkutano wa hadhara urekodi kwa simu. Usiku uleule sikiliza, na kila Mheshimiwa aliposema "nitaleta", nakili maneno yake kama yalivyo kwenye daftari la ahadi, pamoja na kijiji na tarehe. Siku ya kurudi kijiji hicho, mfungulie ukurasa huo mkiwa bado garini.