Mungu akifa, uchawi nao unakwisha?

Nadharia yako kwamba uchawi hukatika siku mungu wake anapokufa ni tamu, ila kwenye Cosmere, ulimwengu wa riwaya za fantasia za Brandon Sanderson, haisimami. Kule nguvu ni kitu kimoja, na anayeishika ni kitu kingine. (Nafichua mwisho wa Mistborn, mfululizo mmoja wa riwaya hizo, kama hujamaliza ruka hapa.) Adonalsium, nguvu ya kimungu ya mwanzo, alipovunjwa zilipatikana nguvu 16, na kila moja ikapata wa kuishika. Leras, mshika nguvu iitwayo Hifadhi, anakufa kwenye The Hero of Ages, kitabu cha Mistborn cha 2008, lakini alomansi, uchawi wa metali unaotokana na Hifadhi, haizimiki. Mhusika mkuu, Vin, anaipokea ile nguvu, na baada yake rafiki yake Sazed anazibeba mbili, Hifadhi na ile iliyo kinyume chake, Uharibifu.

Hata hivyo, hujakosea kabisa. Tabia ya nguvu huonekana kwenye uchawi wake. Alomansi, ya Hifadhi, humpa mtumiaji nguvu ambayo hakuwa nayo; metali inafungua mlango tu. Hemalaji, uchawi wa Uharibifu, humpokonya mtu uwezo wake kwa msumari wa metali ili apewe mwingine, na njiani lazima kiasi kipotee. (Mimi hii ndiyo inanitisha kuliko mwovu yeyote wa vitabu vile.) Ferukemi, uchawi wa tatu, iko katikati: unaweka uwezo wako mwenyewe kwenye metali, kisha unatoa kile kile ulichoweka.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeigeuza nadharia. Acha kutafuta mungu gani amekufa, angalia gharama ya uchawi inamwangukia nani, halafu rudi nyuma hadi kwenye nguvu iliyouzaa.