Maswali ya Safari: Nilizaliwa Moshi, nina pasi ya Marekani

SWALI: Nimepata uraia wa Marekani, na pasi yangu ya Tanzania bado haijaisha muda. Naweza kuingia nayo Tanzania?

JIBU: Hapana, usijaribu. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ulipokula kiapo kule kwa hiari, wa Tanzania ulikoma. Kuitumia pasi hiyo ni kosa, hata kama tarehe zake ni nzima.

Utaingia kwa viza, kama Mmarekani mwingine. Hapa ndipo wengi hukosea: huomba ile ya kawaida ya dola 50. Raia wa Marekani hulipa dola 100, viza ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mmoja, kila safari isizidi miezi mitatu. Ukikosea aina, ada hairudishwi. Omba mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji mapema, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasi mpya, hasa kama ulibadili baada ya ndoa. Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi.

Ukisubiri ndege Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12, utadaiwa cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchoma usiku wa kuamkia safari hakusaidii.

Zawadi nazo usizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku tangu Juni 2019.