Ruzuku ya deikea: hiyo fomu nijaze vipi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nalea watoto kumi na mmoja nyumbani kwangu, leseni ninayo, sasa nimesikia serikali inatoa ruzuku kwa sisi wenye vituo vya kulea watoto ili tuboreshe huduma, fomu nimeshaichukua ila kuna sehemu imeandikwa "eleza mahitaji ya kituo" na hapo ndo nimekwama wiki nzima. Mimi nilitaka niandike tu wanipe hela nimlipe msaidizi wangu mshahara maana ndo kinachoniuma. Nimekosea? – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuumwa na mshahara hujakosea, kila mwenye deikea anaumwa hapo hapo. Watoto wadogo wanataka mikono mingi, Uingereza kwa mfano sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu tu kama wana chini ya miaka 2, sasa piga hesabu mwenyewe, ada ya wazazi watatu ilipe mshahara wa mtu na kodi ya pango na umeme na sabuni, itatosha wapi? Ukipandisha ada wazazi wanaondoka, usipopandisha msaidizi ndo anaondoka. Ndo maana serikali inaombwa itie mkono.

Ila isome tena fomu yako, imesema kuboresha. Hela ya namna hiyo mara nyingi inakuja mara moja na ina tarehe ya mwisho, mshahara wenyewe hauna tarehe ya mwisho, unarudi kila mwezi kama mwezi wenyewe. Marekani mwaka 2021 kipindi cha korona walitenga dola bilioni 24 kuwashika wenye vituo wasifunge, na ile kweli iliruhusiwa kulipa mishahara na kodi ya pango, lakini ilipofika Septemba 2023 ikakata, aliyekuwa ameongeza mishahara kwa hela ile akabaki na mishahara mipya na hela haipo. Fungu lao la kudumu ni lingine kabisa, lina sheria yake ya tangu 1990, na humo majimbo yanabanwa yatumie angalau asilimia 9 kwenye kuboresha ubora na asilimia 3 nyingine kwa ajili ya wachanga na wale wanaoanza kutembea. Kwa hiyo kama fomu yako inaruhusu mshahara andika, ila msaidizi umwambie ukweli kwamba ni wa miezi kadhaa. Kama hairuhusu usiuchomeke kwa jina lingine, wanajua.

Sasa hiyo sehemu ya mahitaji. Fomu yangu ya kwanza kabisa niliandika "tunahitaji vifaa vya kisasa ili kuinua ubora wa malezi", nikajiona nimeandika kisomi kweli, ikarudi. Ya pili nilikaa sakafuni na daftari kabla ya chakula nikaangalia kinachotokea: sinki moja, liko juu, mtoto halifikii, msaidizi anambeba mmoja mmoja anamnawisha anamshusha, wengine kwenye foleni wanasukumana, wa mwisho ananawa wenzake wameshamaliza kula, na muda wote huo wachanga hawana mtu. Nikaandika hivyo hivyo, idadi ya watoto, dakika, urefu wa sinki, nikaambatanisha profoma, yaani karatasi ya bei kutoka dukani, ya sinki mbili fupi. Ikapita. Kaa sakafuni mwanangu, ukiwa umesimama huoni kitu.

SWALI: Dada, kuna jamaa anasema anawajua watu wa ruzuku, nimpe ada kidogo ya kushughulikia faili na hela itatoka haraka. Ana hadi muhuri. – Mlezi mwenye haraka

JIBU: Muhuri unachongwa. Mpigie simu mtu wa ofisi inayokupa leseni, kwa namba iliyo kwenye karatasi zako za leseni na siyo atakayokupa yeye, uliza kama kuna ada. Na namba ya siri ya benki usimpe mtu yeyote hata kama amevaa tai.

SWALI: Bibi, mimi hela nilishapata, niliomba vitanda vya wachanga vipya, nikaona nibane matumizi nikanunua vya mtumba, na chenji iliyobaki nikaweka geti. Sasa wanataka ripoti, na fundi wa geti hatoi risiti. Nifanyeje?

JIBU: Mjukuu wangu, geti ni zuri lakini hukuliombea. Waandikie leo, kabla hawajaja kukagua, uwaambie ulibadilisha nini na kwa nini, wakikwambia rudisha kiasi fulani rudisha, ukikaa kimya inahesabika umeficha. Safari nyingine unaomba kwanza kwa maandishi ndo unabadilisha. Fundi mwandikie mwenyewe karatasi ya malipo, jina lake, kazi, kiasi, tarehe, asaini, piga picha geti, uiweke na meseji ya malipo kama ulimtumia kwa simu, kisha uwaulize kama wanaikubali.

Kinachonitisha mimi ni hivyo vitanda, kuliko hata ripoti. Nenda kaviangalie sasa hivi. Kama ubavu mmoja unashuka na kupanda, toa, usimlaze mtoto humo, Marekani walipiga marufuku kuviuza mwaka 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa unaachia, mtoto anabanwa katikati, na wengine walikufa. Ingiza vidole kati ya godoro na mbao, vikiingia zaidi ya viwili godoro ni dogo. Vile vitambaa laini vya kuzungushia pembeni navyo toa, na mito, mtoto alale chali kwenye godoro gumu lenye shuka iliyobana, basi. Ukikuta kibovu kitaje kwenye barua hiyo hiyo unayowaandikia leo.