Mazoezi ya wazee: kutembea peke yake hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama kutembea saa moja kila asubuhi kunawatosha wazee wa kikundi chako. Kutembea ni kuzuri, ila wazee wengi huanguka kwa sababu miguu haina nguvu na mwili unayumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku zisizopungua 3 ziwe na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba.

Mimi ningeanza na kiti. Kiwe imara, kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta. Mzee anakaa, anarudisha nyayo nyuma kidogo, anainama mbele, anasimama bila kujisukuma kwa mikono. Kisha anakaa polepole. Kazi kubwa iko hapo kwenye kushuka. Akishindwa, ongeza mto. Akizoea, asimame kwa mguu mmoja, mkono ukigusa mgongo wa kiti.

Wenye presha, kisukari au maradhi ya moyo wamwone daktari kwanza. Kasi inayofaa: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Na usiwapange kwa umri, wapo wa miaka 80 watakaokuacha nyuma wewe mwenyewe.