Vaishno Devi: usipande kilomita 12 halafu ukatazama pasipohusika

Pango la Vaishno Devi, mahali pa hija pa Wahindu, liko katika milima ya Trikuta, juu ya mji wa Katra, Jammu, kaskazini mwa India. Anayeabudiwa humo si sanamu. Ni mawe matatu ya asili, yaitwayo pindi, yaliyochomoza katika mwamba mmoja, kila moja likiwakilisha mungu wa kike: kulia kwako Mahakali, jeusi, katikati Mahalakshmi, manjano yenye wekundu, kushoto Mahasaraswati, jeupe. Nyuma yake zimewekwa sanamu za marumaru, na wengi hukodolea hizo macho mpaka wanaambiwa wasonge. Mbele ya pindi hupati zaidi ya sekunde chache. Inamisha macho mapema.

Katra chukua kwanza kadi ya safari. Ni bure, ila bila hiyo hupiti kizuizi cha Banganga, na ina muda wake, kwa hiyo usiichukue kisha ukaenda kulala.

Za kupandia kuna njia mbili. Ya zamani ina maduka, chai na farasi wengi, na kinyesi chao kikilowa huteleza vibaya. Ya Tarakote, iliyofunguliwa 2018, haina farasi na mwinuko wake ni wa taratibu. Mwenye magoti mabovu apite huko. Asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela, au hupanda helikopta hadi Sanjichhat, na bado atabakiwa na kilomita kama 2.5.

Ratiba nyingi huharibikia Ardhkuwari, katikati ya safari. Kila mtu anataka kupenya pango jembamba la Garbh Joon, na foleni yake inaweza kula siku nzima. Chukua namba ya kundi lako, endelea juu, pango ulipitie wakati wa kurudi.

Kule juu, Bhawan, penye pango lenyewe, simu, mikanda na vitu vyote vya ngozi huachwa kwenye makabati. Usifike karibu na macheo wala machweo: ibada ya aarti husimamisha foleni kwa muda mrefu. Kisha panda hadi hekalu la Bhairon, kilomita 1.5 hivi, kwa miguu au kwa kigari cha waya. Kwa waumini, asiyefika huko hajamaliza hija.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Nunua fimbo Katra, vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na epuka ngazi za mkato hata kama vijana wanazikimbilia.

Julai na Agosti ni miezi ya mvua, na mlima humeguka. Agosti 2025 maporomoko karibu na Ardhkuwari yaliua zaidi ya watu 30. Mkesha wa mwaka mpya nao uache: Januari 1, 2022 watu 12 walikufa katika msongamano. Siku za Navratri, sikukuu ya Kihindu ya mikesha tisa, zina shamrashamra kweli, lakini si za mtu anayekwenda mara ya kwanza na wazee.

Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha homa ya manjano, chanjo ikiwa imetimiza siku 10. Laini za simu za kulipia kabla zilizonunuliwa Delhi au Mumbai hazishiki Jammu, kwa hiyo kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipotezana.