Mnaoanza winta ya kwanza Minneapolis, tokeni nje

Wadogo zangu mliofika Agosti na bado mnatembea na ndala, nawaandikia mapema kabla baridi haijawafungia ndani. Mimi winta yangu ya kwanza hapa niliimaliza dirishani, usiku niko shifti, mchana nimelala, naamka saa kumi na nusu jioni jua ndo linazama, nikafika Machi nimechoka roho na sijaona kitu. Ya pili nikasema hapana, nikaanza kutembea kuzunguka ziwa Bde Maka Ska, mzunguko mmoja ni kama kilometa 5, kidogo kidogo nikawa nakimbia, na sasa huu ndo msimu ninaousubiri mwaka mzima.

Mavazi kwanza. Mimi mtu wa Tanga, kwetu baridi ni ile ya kujitanda kanga asubuhi ya Julai, basi nikavaa fulana tatu za pamba na koti zito juu, dakika 10 nimeloa jasho, nikasimama kufunga kamba za viatu na baridi ikaniingia mpaka mifupani. Pamba ikiloa ni adui. Ndani vaa sufu au zile nguo za mazoezi zinazokauka haraka, juu yake sweta, halafu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo, ukijiona uko freshi hapo mlangoni ujue umezidisha nguo. Usoni paka mafuta ya mgando, simu iweke ndani karibu na mwili maana betri inazima ghafla. Na uanze kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi na jasho lako upepo uwe mgongoni, hili hakuna aliyeniambia nimelijua kwa kuteseka.

Kwenye utabiri usiangalie nyuzi tu, angalia na ile namba ya baridi ikichanganywa na upepo. Ikikaribia nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo mimi sitoki.

Sasa raha yenyewe. Theluji inaongea jamani! Ikiwa baridi ya kawaida ukikanyaga inanyamaza, baridi ikikaza inalia kwichi kwichi chini ya raba, mimi siku hizi najua hali ya hewa kwa sikio kabla sijashika simu. Asubuhi baada ya theluji kuanguka pita polepole usome nyayo. Za sungura utaona mbili ndefu mbele na mbili ndogo nyuma, usidanganyike, zile ndefu za mbele ni miguu ya nyuma, anaporuka inaipita ya mbele, kwa hiyo ameelekea kule kwenye zile ndefu. Halafu kuna kandege kadogo kenye kofia nyeusi, wanakaita chickadee, jina ni mlio wake mwenyewe. Hakahamii kusini, kanaficha mbegu kwenye magome, na usiku kanashusha joto la mwili wake ili kasimalize akiba ya mafuta. Siku nimemkumbuka mama sana huwa nasimama nakaangalia haka kandege, kana uzito wa kama gramu 11 tu na kanaimba kwenye baridi ile.

Kuhusu kutembea juu ya ziwa, msifuate watu tu. Idara ya maliasili ya jimbo inasema barafu mpya, ile safi, iwe angalau inchi 4, kama sentimita 10, ndo mtu apite kwa miguu, na kwenye ile mifereji ya chini ya madaraja kati ya ziwa na ziwa barafu huwa nyembamba, kaeni mbali. Njiani hatari ni ile barafu iliyojificha chini ya theluji laini, piga hatua fupi, au ununue vile vya meno ya chuma vya kuvalisha kwenye kiatu.

Mkipata ofu asubuhi, nendeni maporomoko ya Minnehaha, yana urefu wa kama mita 16, Januari yanakuwa pazia la barafu la buluu. Mtazame kutokea juu, halafu mnyamaze kidogo, mtasikia maji bado yanatiririka huko ndani.