Ukipewa mistari miwili, usiombe wa tatu

Mara yangu ya kwanza mbele ya kamera nilikuwa mlinzi wa getini. Mistari miwili: "Unamtafuta nani?" na "Mzee hayupo." Nikaona wamenidharau, basi nikajiongezea. Nikakohoa, nikazungusha rungu, nikamkagua mgeni juu mpaka chini. Tamthilia ilipotoka tulijaa sebuleni na majirani, na kilichoonekana ni mkono wangu ukifungua geti. Mama akasema mkono umetoka vizuri.

Kosa langu nilikuja kulielewa kwa kumtazama Harry Dean Stanton, mwigizaji wa Marekani. Mzaliwa wa Kentucky, 1926, mpishi melini wakati wa Vita vya Pili, kisha akasomea uigizaji Pasadena, California. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kupita tu: filamu za vita, tamthilia za makauboi kwenye televisheni, leo jambazi, kesho marehemu.

Katikati ya miaka ya 60, rafiki yake Jack Nicholson aliandika filamu ya Ride in the Whirlwind, akampa uhusika wa mkuu wa genge. Stanton alisimulia kwamba Nicholson alimtaka asifanye kitu chochote: aache nguo ziigize, yeye awe yeye. Jambazi mwenyewe ana kitambaa jichoni. Ukishamwona hivyo, unahitaji akunje na sura?

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujaongeza kikohozi, jitazame umevaa nini. Sare ya mlinzi imeshamaliza nusu ya kazi. Iliyobaki ni kumsikiliza anayeongea nawe, kumsikiliza kweli, si kungoja zamu yako ya kuuza sura.

Tazama filamu ya Alien ya 1979. Stanton ni Brett, fundi ndani ya chombo cha angani, na kila analoambiwa anaitikia "sawa", mpaka anafananishwa na kasuku. Mwingine angelalamika kwamba mistari ni michache. Yeye kaifanya kuwa ndiyo tabia ya mtu. Halafu anatumwa kumtafuta paka. Anafika mahali maji yanadondoka kutoka juu, anasimama, anainua uso, anayaacha yamlowanishe. Hasemi neno. Ni fundi aliyechoka, amepata maji ya baridi. Muda mfupi baadaye anauawa na unaumia, ingawa hujui hata ana watoto wangapi. Sehemu ile nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ila sitakudanganya kwamba subira yake ilimtajirisha kwa nishani. Filamu ya Paris, Texas, iliyompa uhusika mkuu aliostahili, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1984, naye ana miaka 57. Humo anatembea jangwani, na filamu inakwenda kitambo kirefu kabla hajafungua mdomo. Baada ya hapo akarudi kwenye sehemu ndogondogo, akaendelea karibu hadi kifo chake mwaka 2017, akiwa na miaka 91. Oscar hakuwahi hata kuteuliwa. Kwa hiyo kodi ya nyumba usiitegemee kamera. Mimi mchana nauza nyaya na soketi Kariakoo, na sioni haya.

Juzi nimepigiwa simu: karani wa benki, mstari mmoja. Nikauliza nitavaa nini.